Tumeahidiwa miche 500, maji ni ya shida: walimu wa kujitolea tuanze na lipi?

Mwl_Mazingira

Salaam walimu, mabwana miti, mafundi na watu wa afya.

Shule ni ya msingi, Dodoma vijijini. Wanafunzi 640, wasichana 330 na wavulana 310. Walimu 11. Kuna majengo matatu ya madarasa, kila moja mita 24 kwa 8, yameezekwa bati na hayana gata la kukinga maji ya mvua. Tangi la plastiki la lita 5,000 lipo stoo, halijafungwa. Matundu ya vyoo ni 8. Uji na makande vinapikwa kwa kuni kwenye mafiga. Bomba la kijiji linatoa maji siku mbili kwa wiki, na kila mwanafunzi huleta kidumu cha lita 3 mara tatu kwa wiki. Uwanja wote ni vumbi tupu.

Walimu sita tumekubaliana kujitolea saa mbili kila wiki nje ya vipindi, na kuchanga shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwezi, jumla 30,000. Mdau mmoja ameahidi kutuletea miche 500 ya siku ya upandaji. Mwaka jana ilipandwa 300, iliyo hai leo ni 11.

Naomba ushauri wa kitaalamu: kwa nguvu hizi na fedha hizi, tuanze wapi? Miti, maji, vyoo, au jiko? Naomba vipimo na hatua, maana semina za "tutunze mazingira" tumeshakaa za kutosha.

---

BwanaMiti_Kati

Mwalimu, pokea miche 40. Iliyobaki 460 mwambie mdau asiilete, na nitakueleza kwa hesabu.

Dodoma mvua ni msimu mmoja, mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kuanzia Mei mpaka Novemba ni takribani miezi saba mikavu. Mche wa mwaka wa kwanza unahitaji lita 10 mara mbili kwa wiki katika kipindi hicho, yaani lita 20. Miche 500 ni lita 10,000 kwa wiki. Vidumu vyote vya wanafunzi wako, 640 mara 3 mara siku tatu, ni lita 5,760, na humo humo mnapika, mnanawa na kuosha vyoo. Kwa hiyo miche ile ilikuwa imekufa tangu siku ya kupandwa, ilikuwa inasubiri Juni tu. Hesabu maji kwanza, miti baadaye.

Maji ya miche 40 yatoke kwenye kunawa mikono. Watoto 640 wakinawa mara mbili kwa siku, kila mmoja robo lita, ni lita 320 kwa siku, 1,600 kwa wiki. Tuseme nusu inapotea njiani, zinabaki 800. Gawanya kwa 20, unapata miche 40.

Sasa ratiba. Tatizo la shule zetu ni kwamba mvua inaanza wakati shule inafungwa. Basi mashimo yachimbwe Oktoba, shule ikiwa wazi, na miche ipandwe wiki ya kwanza ya kufungua Januari, pale udongo ulipolowa walau sentimita 30 kwenda chini. Pima kwa nondo: ikizama kwa kusukuma kwa mkono mpaka hapo, panda. Ikigota, subiri mvua nyingine.

Shimo ni sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Udongo wa juu, sentimita 20 za kwanza, weka kulia. Wa chini weka kushoto. Wakati wa kufukia, ule wa juu uchanganywe na ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza, uende chini kwenye mizizi. Udongo wa kushoto ujazie juu, na unaobaki utengeneze tuta la nusu mwezi upande wa bondeni ili maji ya mvua yakusanyike kwenye mche. Samadi mbichi usiweke kabisa. Inaunguza mizizi na kuita mchwa.

Siku ya kupanda ndipo miche mingi inapouawa, na kosa ni dogo sana: mtoto anauzika mche pamoja na kiriba chake. Mizizi inazunguka ndani ya ile nailoni kama uzi kwenye kibiringo, na mti unakaa mwaka mzima bila kukua halafu unakauka. Fanya hivi: mwagilia miche jioni ya kuamkia siku ya kupanda ili udongo ushikamane. Shika kiriba kwa kiganja kimoja chini, chana kwa wembe upande mmoja kutoka juu hadi chini, kata sentimita moja ya kitako pamoja na mizizi iliyojikunja. Vua nailoni. Ingiza, shingo ya mche iwe sawa na uso wa ardhi, kandamiza kwa kisigino kuzunguka. Mwisho wa zoezi hesabu viriba. Miche 40 ni viriba 40 mkononi mwa mwalimu. Ukipata 33, kuna saba vimefukiwa, mkavitafute siku hiyo hiyo.

Aina: mwarobaini kwa kivuli cha upande wa magharibi wa madarasa, huko jua la mchana linakochoma ukuta, umbali wa mita 5 au zaidi kutoka ukutani na mita 4 kati ya mti na mti. Mkwaju mbili tatu pembeni mwa uwanja, mita 10 kati yake, hukua taratibu lakini ni za kudumu. Mlonge kando ya jikoni, panda mbegu moja kwa moja ardhini, majani yake yaingie kwenye mboga ya watoto. Mipera minne au mitano karibu kabisa na mahali pa kunawia. Mikaratusi usiipeleke karibu na kisima wala bustani.

Mkitaka kuotesha wenyewe mwarobaini: mbegu yake haivumilii ghala. Okota zilizoanguka, menya nyama, osha, kausha kivulini siku mbili tatu, panda ndani ya wiki mbili. Za kwenye bahasha ya mwaka jana hazioti, usipoteze viriba.

---

Fundi_Gata

Namuunga mkono Bwana Miti, nami naongeza kwamba tangi kukaa stoo wakati paa lipo ni hasara ya kila mvua.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Upande mmoja wa jengo lako ni mita 24 kwa 4, sawa na mita za mraba 96. Toa asilimia 20 inayoruka na kupotea. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua moja nzuri tu, inakupa lita 1,536. Msimu wa milimita 550 ni zaidi ya lita 42,000 kwa upande mmoja wa paa moja. Tangi lako litajaa mara nane, kwa masharti kwamba mnalitumia. Wengi wanalijaza Januari na kulifunga kwa kufuli kama akiba, mvua zote zinazofuata zinamwagikia msingi wa jengo. Tumieni maji yake kila siku wakati wa masika, kisha mwisho wa Aprili ndiyo lifungwe likiwa limejaa.

Msijidanganye kwamba litafika Novemba. Watoto 640 wakinywa nusu lita kila mmoja, lita 5,000 zinaisha siku ya 15 au 16. Ni la msimu, na msimu mzima wa mvua watoto wanabeba vidumu vichache.

Kufunga:

Anza na upande mmoja tu, jengo lililo karibu na jikoni. Kagua fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Ukiwa umeliwa na mchwa badilisha kwanza, maana gata lenye maji ni zito na litaanguka na ubao wake. Gata liwe na nafasi ya ndani isiyopungua sentimita za mraba 100 kwa paa la ukubwa huo, mfano upana 12 na kina 9. Mabano kila sentimita 60 hadi 75. Mteremko ni sentimita 1 kwa kila mita, kwa hiyo kwa mita 24 mwisho uko chini kwa sentimita 24. Hiyo ni nyingi kwa macho na maji ya mvua kali yataruka gata kule chini. Afadhali tangi likae katikati ya jengo, gata literemke kutoka pande zote mbili, sentimita 12 kila upande. Vuta uzi wa ujenzi kabla ya kupiga bano hata moja. Bati lining'inie ndani ya gata sentimita 3 hadi 5. Likiwa fupi, maji yanarudi nyuma kwa kufuata ubao. Likiwa refu, yanapita juu.

Maji ya kwanza ya kila mvua yana vumbi na kinyesi cha ndege. Yatoe nje, lita moja kwa kila mita ya mraba, yaani lita 96 kwa paa lako. Hapa mafundi wengi wanakosea: wanaweka kipande cha bomba la inchi 4 chenye urefu wa mita moja na nusu na kukiita kichujio. Bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8.5 kwa mita, hivyo kile kipande ni lita 13 tu. Weka pipa la lita 100 chini ya tawi la bomba, likishajaa ndipo maji yaende tangini. Chini ya pipa weka koki ndogo, ifunguliwe baada ya kila mvua. Isipofunguliwa mara moja tu, mvua inayofuata uchafu wote unaingia ndani. Mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina.

Kitako: lita 5,000 ni tani tano. Chimbueni udongo laini mpaka mgumu, mawe, kisha zege la sentimita 15 lililo pana kuliko tangi sentimita 20 kila upande, juu liwe sawa kwa pima maji. Jiwe moja lililochomoza chini ya tangi la plastiki linalitoboa. Kitako kiinuke ili koki iwe sentimita 50 kutoka chini, ndoo ipite. Chini ya koki wekeni kokoto, pasipo na kokoto ni matope na mbu. Tundu la juu na la kufurikia yafungwe wavu wa mbu, na tangi liwe na kivuli.

Fedha zenu za miezi mitatu zinanunua vipande vya kuanzia. Iliyobaki ndiyo umuombe yule mdau: badala ya miche 460, gata, mabano na mifuko ya saruji.

---

Afya_ya_Jamii

Mwalimu, kwenye afya usianze na bango la "Nawa mikono". Anza na foleni. Kibuyu chirizi, yaani kidumu cha lita 5 kinachoinamishwa kwa kukanyaga kamba, ni kizuri kwa choo cha nyumbani. Kwa watoto 640 wanaotoka mapumziko ya uji kwa dakika 20, kidumu kimoja kitawahudumia 40 na wengine 600 watakula na mikono waliyokuja nayo.

Tengenezeni bomba la kunawia la pamoja. Bomba la PVC la inchi 1.5, urefu mita 4, tobolewe matundu ya milimita 2 kila sentimita 30 kwa upande wa chini. Hapo unapata nafasi 12. Mwisho wa bomba weka kifuniko cha kuzungusha bila gundi, ili kifunguliwe kila Ijumaa kutoa mchanga. Bomba likae kwenye nguzo za mti, sentimita 60 kutoka chini kwa wadogo, 75 kwa wakubwa. Pipa la lita 200 likae juu ya jukwaa, kitako chake kama mita 1 juu ya bomba, na koki moja katikati.

Kwa kimo hicho tundu la milimita 2 linatoa karibu mililita 8 kwa sekunde. Sekunde 30 ni robo lita. Kwa hiyo pipa moja la 200 linatosha awamu moja ya shule nzima, lita 160, bila kubahatisha. Kundi la watoto 12 na kupokezana ni kama sekunde 40. Bomba moja litachukua dakika 36, mabomba mawili dakika 18. Mfunge mawili.

Mwalimu wa zamu anafungua koki, wanalowesha, anafunga, wanasugua na sabuni, anafungua, wanasuuza. Koki ikiachwa wazi wakati wa kusugua, hesabu ya maji inavurugika. Tundu likiwa la milimita 4 linatoa mara nne. Tumieni keekee yenye ncha ya milimita 2, msumari wa moto hauna kipimo.

Sabuni ya kipande itachukuliwa siku ya kwanza, na hilo ni kweli kila mahali. Wekeni maji ya sabuni: chupa ya lita 1.5, sabuni ya unga gramu 30, kama vijiko vitatu vya chakula, jaza maji, tikisa, toboa kifuniko kwa msumari mwembamba, funga chupa kichwa chini kwenye nguzo. Mtoto anaminya mara moja, zinatoka mililita mbili hivi. Chupa moja ni awamu moja, kwa siku ni chupa mbili, kwa mwezi ni kilo 1.2 za sabuni ya unga. Hiyo inaingia kwenye mchango wenu bila shida. Taulo la pamoja msiweke, wapunge mikono ikauke.

Maji machafu ya kunawa yaende kwenye mfereji wenye changarawe, yapite kishimo cha sentimita 30 kwa 30 kilichojazwa nyasi kavu za kunasa povu, kisha mifereji ya udongo hadi kwenye miche. Zibeni kwa koleo la udongo ili leo yaende safu hii, kesho ile. Nyasi zibadilishwe kila wiki. Yasituame zaidi ya siku moja. Na yasipelekwe kwenye mchicha au kachumbari, ni ya miti tu. Siku mnayotumia dawa ya klorini kuosha vyoo, maji hayo yasiingie kwenye mfereji huu.

Vyoo sasa. Mwongozo wa Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa idadi yako ni matundu 17 na 13, jumla 30. Mna 8. Pengo hilo halizibwi na walimu wa kujitolea, nanyi msichangishane kuchimba. Kazi yenu ni kuandika hesabu hiyo kwenye karatasi moja, ipite kamati ya shule, iende kwa afisa afya wa kata na halmashauri, kila robo mwaka, mpaka ijibiwe. Mnachoweza kufanya wenyewe ni haya: komeo la ndani kwenye kila mlango wa wasichana, ndoo yenye mfuniko na maji ndani ya chumba kimoja wanachojisitiria, pamoja na pedi za dharura zinazotunzwa na mwalimu wa kike, na bomba la hewa.

Kama choo ni cha shimo chenye bomba la hewa, kagua wavu wa juu. Ukichanika, nzi wote wa shimoni wanapata mlango. Wavu wa alumini, maana wa chuma unaoza kwa gesi. Bomba lipite paa kwa sentimita 50. Na usizibe tundu la choo hicho kwa mfuniko mzito, hewa inatakiwa iingie pale itokee juu. Ndani pawe na giza la kiasi ili nzi wafuate mwanga wa bomba na kunasa kwenye wavu. Mnaposahihisha choo kwa kutoboa madirisha makubwa, mnakiharibu.

Maji ya tangi kwa kunywa yatibiwe: vidonge vingi vya klorini vya madukani ni kimoja kwa lita 20, subiri dakika 30. Soma pakiti, ziko za vipimo vingine.

---

Mwl_Mazingira

Asanteni sana, nimeandika yote. Nina maswali matatu.

Likizo ya Juni ni wiki nne na walimu wengi wanasafiri. Nani anamwagilia?

La pili, mpishi wetu ana kikohozi kisichoisha na moshi unaingia darasa la pili.

La tatu, mkuu wa shule ameshauri bustani ya mboga ya mita 10 kwa 10 ianze sasa hivi, Julai. Nimjibu nini kwa heshima?

---

BwanaMiti_Kati

Likizo: mitungi ya udongo. Tafuteni ya lita 5 hadi 8, ile isiyopakwa rangi wala kung'arishwa. Jaribu mmoja kwa kuujaza maji usiku mmoja. Asubuhi nje uwe na unyevu. Ukiwa mkavu kabisa hauvuji, haufai. Ufukie mpaka shingoni, sentimita 30 kutoka kwenye mche, ufunike kwa kigae ili mbu wasitage. Mizizi inaufuata wenyewe. Unajazwa mara moja kwa wiki, kwa hiyo watoto wanaokaa jirani, wanne tu kwa zamu, wanamaliza miche 40 asubuhi moja. Chupa za plastiki zilizogeuzwa mnazoziona kwenye picha, kwenye mchanga wenu zitaisha maji kabla ya jua la mchana.

Juu ya udongo tandaza majani makavu unene wa sentimita 8, lakini acha upana wa kiganja kati ya majani na shina. Majani yakigusa shina, mchwa wanapanda kwa siri na kulikata.

Bustani: mwambie mkuu kwamba mita moja ya mraba ya mchicha inakunywa lita 4 hadi 5 kwa siku kiangazi. Eneo lake la mita za mraba 100 ni lita 400 hadi 500 kila siku, Jumapili ikiwemo. Hesabu hiyo inamjibu kwa heshima kuliko maneno. Muombe mita za mraba 10, vitalu vya kuzama sentimita 15 chini ya uso wa ardhi, upana mita 1 ili mtoto afike katikati bila kukanyaga. Ile mita 100 ifanyike Januari.

---

JikoSanifu

Kuhusu mpishi, kwanza aende hospitali apimwe, kikohozi cha muda mrefu kisisingiziwe moshi peke yake. Hilo lisingoje jiko.

Jiko: Serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na shule yako imo humo. Kwa hiyo kamati iandike mpango wa gesi au mkaa mbadala sasa. Wakati mnaungoja, msiendelee na mafiga hata wiki moja.

Jengeni jiko la matofali lenye bomba la moshi, sufuria izame ndani ya jiko mpaka karibu na masikio. Siri yote iko kwenye uwazi kati ya sufuria na ukuta: sentimita 1.5 kuzunguka pande zote, kwa sufuria za lita 60 hadi 100. Ukiwa finyu moshi unarudi mlangoni, ukiwa mpana joto lote linapanda bombani. Jengeni mkiwa na sufuria yenyewe. Viringisha tambara au kadibodi lenye unene huo kwenye sufuria, jenga kulizunguka, kisha litoe. Fundi akijenga kwa kukadiria, halafu shule ikabadilisha sufuria, jiko limekufa.

Kuni zikae juu ya wavu wa nondo ili hewa ipite chini yake. Bomba la moshi inchi 6, lipite paa karibu mita 1. Ndani piga lipu ya udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa. Acheni likauke wiki mbili hadi tatu, mkiwasha moto mdogo wa nyasi siku za mwisho. Likiwashwa bichi linapasuka, na ufa mmoja unatosha kurudisha moshi darasani. Masizi ya bomba yasuguliwe kila mwezi.

Kabla hata ya tofali la kwanza, mahindi na maharage ya makande yalowekwe tangu jana yake jioni. Kuni zipasuliwe unene wa kifundo cha mkono na zikaushwe chini ya paa. Mfuniko ukae juu ya sufuria. Hayo matatu hayagharimu shilingi.

---

Mwalimu_Kitui

Hamjambo walimu wa Dodoma. Huku Ukambani, Kenya, ukame wetu ni jamaa ya wenu, kwa hivyo nachangia upande wa walimu wenyewe.

Gaweni kazi kwa kitu, si kwa kamati. Mwalimu mmoja tangi na gata, mmoja bomba la kunawia na sabuni, mmoja vyoo, mmoja miche, mmoja jikoni, wa sita daftari na fedha. Saa mbili kwa wiki zinatosha iwapo kila mtu anajua koki yake. Daftari liandikwe: tarehe, lita, miche hai, kilichoharibika. Mwalimu akihamishwa, na uhamisho huja bila hodi, daftari linabaki.

Msitumie kumwagilia au kusafisha choo kama adhabu. Mtoto aliyepelekwa kwenye mti kwa kosa atauchukia, na mara nyingi huung'oa. Klabu ya wanafunzi ni bora. Roots & Shoots, mpango wa vijana wa mazingira wa Jane Goodall, ulianzia huko kwenu Dar es Salaam mwaka 1991, mnaweza kufuata mtindo wake hata bila kujiandikisha.

Halafu kuna jambo linaloniuma kila niingiapo shule: kufagia uwanja wote kila asubuhi. Tunawaamsha watoto waondoe majani yanayofunika ardhi, vumbi liwaingie kifuani, kisha tunayachoma majani hayo, na mvua ya kwanza inabeba udongo ulioachwa uchi. Fagieni njia na vibaraza tu, mkinyunyiza maji kwanza. Penginepo acheni nyasi ziote, mfyeke zibaki sentimita 5. Hofu ya nyoka ni ya haki, lakini nyoka hujificha kwenye nyasi ndefu na marundo ya matofali, si kwenye zulia la sentimita 5. Majani yaliyofagiwa yaende kwenye miche au kwenye mboji: rundo la mita 1 kwa 1 kwa 1, majani makavu sehemu mbili, mabichi na mabaki ya jikoni sehemu moja, maji kiasi kwamba ukikamua konzi unapata matone machache. Choma fimbo katikati. Baada ya siku nne ikitoka na joto, liko hai. Likinuka lina maji mengi, geuza na uongeze makavu. Likipoa kabla ya kuoza ni kavu. Geuzeni kila wiki mbili, miezi mitatu mna mboji ya vitalu.

Plastiki isichomwe shuleni kabisa, hata kidogo, moshi wake ni sumu na madirisha yako wazi. Darasani ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu, madirisha ya pande mbili yafunguliwe pamoja upepo upite.

---

Mwl_Mazingira

Nashukuru mno. Bado moja: mdau anasema 40 ni michache, anahitaji picha ya siku ya upandaji yenye miche mingi.

---

BwanaMiti_Kati

Mpe tarehe mbili za picha. Ya kwanza Oktoba: mashimo 40, gata jipya na pipa la maji ya kwanza. Ya pili Novemba ya mwaka unaofuata, baada ya kiangazi kizima, watoto wamesimama kila mmoja kando ya mti ulio hai. Mwandikie gharama za gata la mita 24, mabano 40, mifuko ya saruji na mitungi 40 kwenye barua moja yenye muhuri wa kamati ya shule, umpelekee kabla Agosti haijaisha. Miche yenyewe ulizeni kwa bwana miti wa halmashauri au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ya wilaya, na muichague yenye shina la unene wa penseli. Mirefu na myembamba iliyokulia kivulini iacheni huko huko kitaluni.